Kemia ya Mhandisi: Mtihani Uulize Nini?

Mwaka 1997 ugonjwa wa kipindupindu uliushambulia mji wa Ifakara, ulio pembezoni mwa bonde la mto Kilombero. Watafiti waliwachunguza wagonjwa 180 wa kwanza na kuwalinganisha na watu 360 ambao hawakuugua, ili wayatambue mambo yaliyoyatofautisha makundi hayo mawili. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2001, yalionyesha kwamba kuoga mtoni, kuishi mbali na mahali pa kuteka maji, na kula samaki wakavu, ni mambo yaliyoambatana na hatari kubwa zaidi ya kuugua. Tena, vijidudu vya kipindupindu vilikutwa katika chanzo kikuu cha maji cha mji huo.

Taarifa hiyo ni ya tiba, lakini fundisho lake haliishii hospitalini. Daktari humwokoa aliyekwisha kuugua. Anayetakiwa kuhakikisha kwamba maji ni salama kabla hayajafika katika ndoo ya mtekaji ni mhandisi wa maji pamoja na mafundi wake. Silaha yao mojawapo ni klorini. Na ili klorini itumike ipasavyo, hapana budi mtu apige hesabu ambayo misingi yake hufundishwa katika madarasa ya kwanza ya kemia ya sekondari.

Uchukuliwe mfano huu. Tangi lina lita 50,000 za maji. Inatakiwa kila lita itiwe miligramu 2 za klorini. Unga uliopo ghalani una asilimia 65 ya klorini inayoweza kufanya kazi. Je, zipimwe gramu ngapi za unga huo? Lita 50,000, kila moja ikipewa miligramu 2, zinahitaji miligramu 100,000, yaani gramu 100 za klorini. Kwa kuwa unga wenyewe si klorini tupu, gramu hizo 100 hugawanywa kwa 0.65, na jibu ni gramu 154 hivi.

Mwanafunzi anayezidisha badala ya kugawanya hupata gramu 65. Katika daftari lake kosa hilo ni alama moja iliyopotea. Katika tangi, kosa hilohilo maana yake ni maji yaliyopata klorini isiyofikia hata nusu ya ile iliyokusudiwa. Mwanafunzi mwingine anayechanganya miligramu na gramu ataagiza kilo 154 za unga na asishangae. Yawezekana kabisa kwamba wote wawili wanajua kwa moyo kuwa atomu ya klorini ina elektroni 17, zilizopangwa 2, 8 na 7, na kwamba wanaweza kutaja matumizi matano ya klorini bila kusita. Elimu hiyo si bure, lakini haikuwasaidia mahali walipohitajiwa.

Hapa ndipo linapotokea swali ambalo walimu wa kemia, na vijana wanaokusudia kuwa wahandisi, yafaa walitafakari: Mtihani wa kemia ya mwanzo kwa mhandisi wa kesho uulize nini? Hoja ya makala haya ni kwamba mtihani huo umtake mwanafunzi aamue jambo juu ya kitu halisi, kwa kipimo na kwa sababu. Pia utungwe kwa namna ambayo jibu lililokosewa litamwonyesha mwalimu mahali fikra ilipopotoka. Na utolewe mapema, wakati kosa bado laweza kusahihishwa bila mtu yeyote kuumia.

Ngazi inayoachwa nyuma

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1973. Tangu zamani mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati umekuwa njia kuu ya kufikia masomo hayo. Lakini wako vijana wengi ambao huiona kemia kama ngazi ya kupandia tu: mtu akishafika juu, huisahau. Anayetaka kujenga madaraja hudhani kwamba yatosha ajue nguvu na mizigo. Anayetaka umeme hudhani kwamba yatosha ajue mkondo na nyaya.

Dhana hiyo haina msingi. Saruji haikauki kama nguo juani, bali hugeuka kuwa jiwe kwa mmenyuko wa kemikali kati yake na maji. Betri ni kemia ndani ya sanduku. Kutu, moto, mafuta, rangi ya kuzuia kutu, maji ya boila, vyote hivi ni kemia kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mhandisi asiyeielewa kemia ya vifaa vyake atategemea maneno ya muuzaji, na siku muuzaji akikosea au akidanganya, hatakuwa na namna ya kujua.

Mwaka uleule wa 1973 ndipo Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoundwa kwa sheria. Mwaka uliofuata, Azimio la Musoma lilishutumu mazoea ya kuutukuza mtihani wa mwisho wa kuandika, na likataka kazi za mwanafunzi za kila siku nazo zihesabiwe katika kumpima. Tangu hapo mengi yamebadilika, lakini swali lililoulizwa Musoma halijazeeka: alama aliyopewa kijana hupima kitu gani hasa? Kijana aweza kuingia chuoni na alama nzuri ya kemia, na alama hiyo isimwambie mhadhiri wake kama kijana anajua kwa nini gramu 154 ndizo sahihi na 65 sizo.

Kuchuja na kutambua

Yafaa zitofautishwe kazi mbili za mtihani. Ya kwanza ni kuchuja: nafasi ni chache, waombaji ni wengi, na lazima wapatikane wa kuingia na wa kubaki. Ya pili ni kutambua: kujua mwanafunzi amesimama wapi ili afundishwe kuanzia hapo. Daktari hampimi mgonjwa damu ili ampe cheo. Humpima ili ajue dawa impasayo. Mtihani wa kuchuja hutaka kujua nani amepata na nani amekosa. Mtihani wa kutambua hutaka kujua aliyekosa amekosaje.

Shule nyingi zimezoea kazi ya kwanza, na huifanya hata pale ambapo hakuna wa kuchujwa. Jaribio la katikati ya muhula hutungwa kwa mfano wa mitihani iliyopita. Mwanafunzi husahihishiwa, hupewa asilimia yake, karatasi hukunjwa, na darasa husonga mbele kwenye mada inayofuata. Aliyepata asilimia 40 hajui ni nini asichokijua. Mwalimu naye hajui kama hao waliopata 40 wana ugonjwa mmoja au magonjwa kumi.

Kwingineko duniani jambo hili limechunguzwa kwa makini. Mwaka 1983 Roger Osborne na Mark Cosgrove wa New Zealand walichapisha uchunguzi juu ya fikra za watoto na vijana kuhusu maji yanayochemka. Waliwauliza mapovu makubwa yanayopanda katika maji hayo yametengenezwa na nini. Wengi hawakusema kwamba ni mvuke wa maji. Wengine walisema ni hewa, wengine joto, na wengine, hata miongoni mwa wale waliokwisha kusoma sayansi kwa miaka kadhaa, walisema ni oksijeni na haidrojeni. Kosa hili la mwisho si la ujinga mtupu. Ni la kijana aliyefundishwa kwamba maji yana haidrojeni na oksijeni, akaitumia elimu hiyo mahali pasipo pake. Mtu anayetarajia kusimamia boila la kiwanda cha sukari hana budi kulifuta kosa hili mapema, kwa maana kazi yote ya boila ni kuyageuza maji kuwa mvuke ambao bado ni maji.

Mwaka 2002 Douglas Mulford na William Robinson wa Marekani walichapisha orodha ya maswali 22 ya kupima dhana za msingi za kemia kwa wanafunzi wanaoanza chuo kikuu. Maswali hayo ni ya kuchagua jibu, lakini majibu yasiyo sahihi hayakubuniwa ovyo. Yalitokana na makosa ambayo wanafunzi walijulikana kuwa huyafanya kweli. Kwa njia hiyo kila jibu, sahihi au si sahihi, hubeba habari. Fikra hiyo haihitaji mitambo wala fedha. Mwalimu yeyote mwenye ubao na chaki aweza kuitumia.

Bonde lenyewe ni chumba cha mtihani

Mwalimu wa Ifakara hana haja ya kwenda mbali kutafuta maswali. Limtazamwe daraja la mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384, ambalo lilizinduliwa mwaka 2018 na kuziunganisha kwa barabara pande mbili ambazo awali zilitegemea pantoni. Ndani ya zege la daraja lolote la namna hiyo zimo nondo za chuma, na adui wa nondo ni kutu. Swali laweza kuwa hili: Msumari safi umewekwa ndani ya chupa yenye hewa na matone machache ya maji, chupa ikazibwa barabara na kupimwa uzito. Baada ya majuma kadhaa msumari umeota kutu. Chupa ikipimwa tena bila kufunguliwa, uzito wake utakuwa umeongezeka, umepungua, au ni uleule?

Uzito ni uleule, kwa sababu hakuna kilichoingia wala kilichotoka. Lakini yatazamwe majibu mengine. Anayesema umeongezeka anajua kwamba kutu ni chuma kilichoungana na oksijeni, ila amesahau kwamba oksijeni hiyo ilikuwa humohumo chupani ilipopimwa mara ya kwanza. Anayesema umepungua huenda amepotoshwa na lugha ya kila siku, kwa kuwa watu husema kwamba kutu “imekula” chuma, na kilicholiwa kimekwisha. Hawa wawili hawahitaji somo moja. Wa kwanza akumbushwe mipaka ya kitu kinachopimwa. Wa pili aanzishwe upya juu ya maana ya kutu.

Akiisha kuelewa, mwanafunzi aweza kuulizwa swali la pili, ambalo ni la mhandisi hasa: Kwa nini kutu ya nondo hupasua zege? Jibu ni kwamba chuma hakikupotea, bali kimeongezeka kitu kingine, na kutu inayotokea huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Na kwa nini nondo hazioti kutu upesi katika zege zuri? Kwa sababu maji yaliyomo katika vitundu vya zege ni alkali kali, yenye pH inayozidi 12, na katika hali hiyo chuma hujifunika utando mwembamba unaokilinda. Hewa ya kaboni dioksidi ikipenya polepole, alkali hupungua; chumvi za kloridi zikipenya, utando huharibika. Kwa hiyo unene wa zege linaloifunika nondo si pambo, na mchanga wenye chumvi si wa kujengea. Kijana aliyefika hapo amekwisha kuanza kufikiri kama mhandisi, na hajatoka nje ya asidi, alkali na oksijeni.

Upande wa kaskazini wa bonde, kando ya mto Ruaha Mkuu, yapo mashamba na viwanda vya sukari ya Kilombero. Katika utengenezaji wa sukari, maji ya miwa yaliyokamuliwa huwa na asidi kidogo, nayo husafishwa kwa chokaa na joto. Chokaa ikipungua, asidi huivunja sukari kuwa glukosi na fruktosi, na sukari ya kuuza hupungua. Chokaa ikizidi, baadhi ya sukari huharibika na maji hugeuka rangi. Basi kipimo ndicho kila kitu, nacho huanzia kwenye chokaa yenyewe. Swali: Tani moja ya mawe ya chokaa ina asilimia 80 ya kalsiamu kaboneti, na uchafu uliobaki haubadiliki motoni. Mawe hayo yakichomwa hadi mwisho, kitapatikana kiasi gani cha kalsiamu oksidi? Uzito wa atomu: Ca 40, C 12, O 16.

Mlinganyo ni huu: CaCO3 → CaO + CO2. Gramu 100 za kaboneti hutoa gramu 56 za oksidi na gramu 44 za kaboni dioksidi. Kilo 800 za kaboneti zilizomo katika tani hiyo zitatoa kilo 448 za oksidi. Sasa majibu mengine yasomwe kama mtu asomavyo barua. Aliyeandika 560 anaujua mlinganyo, lakini ameufanya uchafu kuwa kaboneti. Aliyeandika 352 ametafuta uzito wa hewa iliyotoka badala ya kitu kilichobaki. Aliyeandika 648 amejumlisha oksidi na uchafu. Hesabu yake ni nzuri, na ni jibu la swali jingine, yaani ni kilo ngapi zimebaki tanurini. Aliyeandika 800 anadhani kwamba kuchoma ni kuondoa uchafu tu, na kwake hakuna mmenyuko wowote uliotokea. Huyu wa mwisho ndiye anayemhitaji mwalimu kuliko wote, lakini katika usahihishaji wa kawaida hupata sifuri sawasawa na yule wa 648.

Mfano wa tatu upo karibu zaidi. Kilombero ni nchi ya mpunga, na nje ya mashine za kukobolea hulala marundo ya maganda, ambayo wengi huyaita pumba, na ambayo hutumika kuchomea matofali. Kwa makadirio ya kawaida, kilo 1,000 za mpunga hutoa kilo 200 hivi za maganda, na maganda hayo yakiungua hubaki kilo 40 hivi za majivu. Sehemu kubwa ya majivu hayo, kwa kawaida asilimia 85 hadi 95, ni silika, SiO2. Majivu yaliyotokana na moto usio mkali sana, yakasagwa na kuchanganywa na chokaa na maji, huweza kushikamana na kuwa mgumu kama saruji dhaifu. Yale yaliyoungua kwa moto mkali mno na wa muda mrefu hufanya kazi hiyo kwa uvivu. Mwanafunzi aulizwe: Fomyula ni ileile, SiO2, mbona tabia ni tofauti? Hapo hutambua kwamba fomyula haisemi kila kitu. Mpangilio wa atomu nao una neno lake: katika majivu ya moto wa wastani atomu hazikujipanga kwa utaratibu wa fuwele, nazo huingia katika mmenyuko kwa wepesi, ilhali moto mkali huzipanga zikatulia. Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kukariri, na mali ghafi yake hupatikana bure.

Pingamizi na majibu yake

Yapo mambo yanayoweza kusemwa kuipinga njia hii, na ni haki yasikilizwe.

La kwanza ni usawa. Je, si upendeleo kumuuliza kijana wa Bukoba juu ya miwa ya Kilombero? Upendeleo ungekuwapo kama swali lingemtaka ajue habari za Kilombero. Swali lililotungwa vizuri humpa msomaji kila taarifa anayoihitaji, na humwachia kemia peke yake. Isitoshe, majaribio ya kutambua ni ya darasa lenyewe. Mwalimu wa Pemba anayo mafuta ya karafuu na ukenekaji wake, wa Tanga anayo mawe ya chokaa na saruji. Kila mahali pana kemia ya kutosha mtihani.

La pili ni uhaba wa maabara. Ni kweli kwamba shule nyingi hazina vifaa vya kutosha, na makala haya hayakusudii kuupamba uhaba huo. Msumari na chupa haviwezi kuchukua nafasi ya bureti, na mtihani wa maandishi hauwezi kupima mkono unaotetemeka unaposoma kipimo. Wenye mamlaka ya kugawa fedha hawana budi kuzipa shule maabara. Lakini kukosa bureti si sababu ya kuuliza maswali ya kukariri. Mwalimu asiye na maabara ndiye anayehitaji zaidi maswali yanayofikirisha, kwa kuwa kufikiri ndicho chombo pekee alichonacho kwa wingi.

La tatu ni wingi wa wanafunzi. Mwalimu mwenye darasa kubwa atawezaje kusoma sababu za kila mmoja? Hana haja ya kuzisoma zote. Swali likiwa na majibu manne, na matatu kati yake yakiwa ni makosa yanayojulikana, yatosha wanafunzi wainue mikono kwa kila jibu na hesabu iandikwe ubaoni. Kwa dakika 5 mwalimu atajua kama darasa zima limekwama kwenye uchafu wa mawe au kwenye mlinganyo. Maelezo ya maandishi yaweza kuombwa kwa swali moja tu, na karatasi chache zikasomwa kwa makini.

La nne ni lugha, nalo ni zito. Kemia ya sekondari nchini Tanzania hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa. Vyovyote mtu atakavyoliona jambo hilo, jaribio la kutambua lazima litenganishe mambo mawili: asiyejua kemia, na asiyeielewa sentensi. Mwalimu aweza kuliuliza swali lilelile kwa lugha zote mbili. Anayelikosa kwa Kiingereza na kulipata kwa Kiswahili hana ugonjwa wa kemia, na kumpa dawa ya kemia ni kumpotezea wakati. Tena, swali la kuamua, lenye maelezo marefu, laweza kumlemea mwanafunzi dhaifu wa lugha kuliko swali fupi la kutaja. Kwa hiyo anayetunga maswali ya namna hii na aandike sentensi fupi, aweke namba waziwazi, na aondoe kila neno lisilofanya kazi.

Namna ya kuanza

Hakuna haja ya kungoja mtaala mpya. Mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kufundisha lolote, mwalimu wa kidato cha tano, au mhadhiri wa mwaka wa kwanza wa uhandisi, atoe maswali yasiyozidi 12. Yaguse mambo machache ya msingi: uzito haupotei, kitu kisicho safi huhesabiwa kwa sehemu yake iliyo safi, vipimo hubadilishwa kwa uangalifu, asidi na alkali hupunguzana, kuchemka si kuvunjika, fomyula moja yaweza kuwa na tabia mbili. Maswali hayo yasiwe na alama zinazoingia katika ripoti. Kijana akijua kwamba kosa lake halitamwadhibu, ataonyesha fikra yake ya kweli badala ya kunakili ya jirani.

Kisha kila swali lifuatwe na neno moja: Kwa nini? Jibu sahihi lenye sababu mbovu liandikwe pembeni kama deni. Jibu lisilo sahihi lenye sababu nzuri, kama lile la kilo 648, lipewe heshima yake. Baada ya majuma kadhaa ya kufundisha, maswali ya namna ileile, yenye namba nyingine, yatolewe tena, ili mwalimu na mwanafunzi waone kilichobadilika.

Na swali la mwisho la kila jaribio lisiwe la hesabu, bali la busara ya kazi. Kwa mfano wa tangi: Gramu 154 zimetiwa kama ilivyotakiwa. Baada ya nusu saa maji yanapimwa, na klorini iliyobaki ni miligramu 0.1 tu kwa lita, ingawa inatakiwa ibaki walau miligramu 0.5. Je, aliyepiga hesabu alikosea? Si lazima. Maji yenye matope, majani yaliyooza au madini ya chuma huitumia klorini kabla haijavifikia vijidudu. Kinachotakiwa ni kupima tena, kuyachuja maji kwanza, au kuongeza dozi kwa kadiri ya upungufu. Kijana anayejibu hivyo amejua jambo ambalo vitabu vichache husema waziwazi, kwamba hesabu ni mwanzo wa uhandisi, na kipimo cha baadaye ndicho kinachoamua.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Yafaa iongezwe kwamba kuuliza vibaya kwaweza kuzaa ujinga, kwa kuwa mwanafunzi husoma kile anachotarajia kuulizwa. Akiulizwa kutaja, atajifunza kutaja. Akiulizwa kuamua, atajifunza kuamua. Walimu wa kemia ndio wanaoshika kalamu ya maswali hayo, tangu Ifakara hadi Dar es Salaam, na wanafunzi wao ndio watakaokabidhiwa matangi, madaraja na viwanda vya bonde lile. Siku mmoja wao atakaposimama juu ya tangi akiwa na kopo la unga mkononi, hakutakuwa na msahihishaji wa kumwekea alama ya kosa. Ni heri kosa hilo lifanyike darasani, mbele ya mwalimu anayejua kulisoma.